Daraja la mikoko Gazi: nimeenda mara mbili, na mara ya kwanza kosa lilikuwa langu

Nimeenda Gazi mara mbili sasa, ya kwanza nikarudi nimenuna, ya pili nikarudi na matope mpaka magotini na tangu siku hiyo nasumbua kila mtu ninayemjua aende, na ukiniuliza kilichobadilika hapo katikati ni nini ntakwambia ni saa tu. Saa ya maji.

Kwa asiyepajua, Gazi ni kijiji cha Kwale, kama kilomita 50 na kitu kusini ya Mombasa, unapita Ukunda unaendelea na barabara ya Lunga Lunga, unashuka njiapanda unachukua boda. Kina mama wa hapo wana daraja la mbao limepita katikati ya mikoko, kama mita 300 hivi, na wenyewe ndo wenye mradi, ndo wanaokutembeza na ndo wanaokupikia. Unalipa kiingilio (sisi nauli yetu ilizidi kiingilio kwa mbali) unapewa mama wa kwenda na nyinyi, basi.

Mara ya kwanza tuliamka kivivu, tukanywa chai ya taratibu, tukafika saa kumi alasiri na ilikuwa bamvua, zile siku bahari inajaa sana na kupwa sana, maji yamejaa mpaka chini ya mbao, unaona maji, unaona majani, unaona maji tena. Pazuri kwa picha sikatai, upepo mwanana, lakini kaa hata mmoja hatukumuona, mizizi yote imezama, nikawa najisemea moyoni hii pesa imeenda na maji kweli kweli. Yule mama akaniangalia akaniuliza, "Kwani mwanangu, ulitoka kwenu bila kuangalia mwezi?" Nikaona haya, mimi mtoto wa Mombasa naulizwa mambo ya mwezi kama mgeni wa bara.

Akatueleza na mimi nakupa bure. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, na kwetu huku siku za bamvua maji hujaa mida ya saa kumi jioni na kupwa mida ya saa nne asubuhi, na kati ya kupwa na kujaa bahari inapanda zaidi ya mita 3, sio mchezo. Maji mafu, siku za mwezi nusu, ndo hayana tofauti kubwa na saa zake zimegeuka. Kwa hivo panga: siku ya bamvua, uwe umefika saa tatu asubuhi, maji yanatoka, halafu usikimbilie kuondoka.

Mara ya pili nikafanya hivyo hivyo. Nilikuwa na mke wangu, mtoto wa miaka sita, na shemeji yangu wa Nairobi ambaye tangu kwenye feri anasema tunaenda kuliwa na mbu kwa hiari yetu. (Mbu wapo, ukweli usemwe, beba dawa ya kujipaka na vaa suruali ndefu.) Tulipoingia kwenye daraja sikuamini ni pale pale. Chini kote kunatembea! Kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko mwili wanakupungia kama makanga anayeita abiria, konokono wamejaa kwenye matope, na mizizi ya mchu, aina moja ya mikoko, imetoka juu maelfu kama penseli zimechomekwa.

Na hapo ndo utajua unalipia nini, maana mbao ni mbao tu, kinachouzwa pale ni kichwa cha yule mama. Kenya tuna aina 9 za mikoko na anakuonyesha mmoja mmoja kwa jina. Mlilana unaokaa mbele kabisa kwenye bahari, huo mafundi wanatoa mataruma, zile mbavu za ndani za mashua. Mkandaa gome lake linatoa rangi. Mkomafi una tunda kama mpira, likianguka linapasuka mbegu zinaenda na maji. Mkoko wenyewe ndo ulinishangaza, mbegu yake haisubiri ardhi, inaota ikiwa bado juu kwa mamake, inaning'inia kama ganda la mronge, ikiiva inaanguka na kujichoma kwenye matope au inaelea kutafuta pa kushika.

Halafu akaanza kutaja miti kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, na mimi nikakumbuka nyumba ya babu yangu Mungu amrehemu, dari lote boriti, na vile tulivyokuwa tunalalamika vyumba vyembamba. Kumbe upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti, mti ukiishia hapo na chumba kinaishia hapo. Na majahazi yalibeba boriti hizo hizo mpaka Uarabuni miaka na miaka, hadi serikali ikapiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Gazi penyewe palikatwa sana miaka ya 70, kuni za viwandani, pakabaki pa wazi, na kuanzia 1991 watu wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, wakishirikiana na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Sehemu nyingine bado unaiona hiyo, miti imesimama kwa mistari kama asembli ya shule.

Sasa ndara. Mtoto alikuwa anarukaruka, ndara moja ikapenya kati ya mbao mbili ikaanguka tumbwi kwenye tope, kosa ni letu tuliambiwa viatu vya kufunga, na baba mtu nikajifanya shujaa nikashuka. Hatua ya kwanza nikazama mpaka goti. Hatua ya pili goti la pili. Mama yuko juu ananiambia shika mzizi, usivute mguu kwa nguvu, mke wangu yeye anarekodi video. Na lile tope linanuka, yani mayai viza, nikauliza kuna mfereji wa vyoo hapa au? Wakacheka. Hapana, hilo tope halina hewa ndani, majani yanaoza humo polepole miaka na miaka, ndo maana mchu unatoa mizizi juu kupumua, ungekuwa kama mimi pale ungekufa.

Na hilo tope linalonuka ndo mali yao, maana mikoko na tope lake vinashikilia hewa ya ukaa isirudi angani kuongeza joto la dunia, na kuna watu wanalipa ibaki humo. Shemeji alipoambiwa kijiji kinauza hewa ya ukaa alicheka mpaka akakaa chini, ati mnauza hewa? Mama hakukasirika, akamwambia ukirudi kijijini fungua mfereji unawe mikono halafu uje ucheke tena. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, ulianza kuuza 2013, hekta 117, vijiji viwili Gazi na Makongeni, na pesa inaenda kwenye maji, shule na kupanda mikoko mingine. 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Shemeji akawa mpole.

Kitu ambacho mie sikuwahi kukifikiria ni mito. Ghuba ya Gazi inapokea Kidogoweni na Mkurumuji, yote inashuka kutoka Shimba Hills, kwa hivyo shamba likimomonyoka kule juu udongo unateremka huku, na mikoko ndo inaukamata kabla haujaenda kufunika nyasi za bahari na matumbawe wanakozalia samaki. Mama alisema kwa kifupi, wa juu wakilima vibaya sisi huku chini tunakula vibaya.

Kuhusu kula, pigeni simu siku moja kabla. Mara ya kwanza hatukuagiza tukaambulia madafu. Mara ya pili tulikuta wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala kimya kimya, hata shemeji.

Niliwahi kwenda mikoko ya sehemu nyingine na kampuni moja ya kutembeza watu, siitaji, walitutoza karibu mara sita ya hapa, kijana akatupiga picha, nikamuuliza huu mti gani akanijibu "mangrovu". Basi. Gazi naipa nyota zote 5, na mimi wa ile safari ya kwanza najipa moja.

Ndara ilipatikana lakini haikuoshwa ikatakata, na kwenye matatu makanga alinusa akaniomba kistaarabu nikae siti ya nyuma karibu na dirisha. Tunarudi mwezi ukiandama, mama amesema saa tatu, na safari hii chai tutainywa huko huko.