Mahali pa Kusimuliana Miaka: Tathmini ya Hoteli ya Samaki Ufuoni Dunga, Kisumu

Hoteli za samaki zilizopangana ufuoni Dunga, kilomita chache kusini mwa katikati ya jiji la Kisumu, zimesifiwa mara nyingi kwa utamu wa tilapia na kwa mandhari ya ziwa, na sina nia ya kuyarudia hayo. Ninachotaka kupima ni jambo jingine: je, hoteli ya aina hii inawafaa watu waliosoma chuo kimoja, wakatawanyika kwa miaka ishirini na ushei, na sasa wanataka kuketi pamoja mchana kutwa wapashane habari za maisha? Sisi ni walimu wa shule za msingi wenye cheti cha P1, tuliofuzu mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika chuo kimoja cha huku magharibi mwa Kenya, na tulichagua mojawapo ya hoteli hizo baada ya kubishana sana. Jina lake nimeliacha kwa kuwa majirani zake wa kushoto na wa kulia hupika vivyo hivyo, huuza kwa bei zile zile na, kwa kadiri nilivyoona, huwa na kasoro zile zile.

Mapendekezo mengine yalikuwepo. Wenzetu wenye vyeo walitaka ukumbi wa hoteli ya ghorofa katikati ya jiji, wenye vitambaa vyeupe mezani na chakula cha kujipakulia, na nusura washinde. Nilipinga kwa sababu ninazozishikilia hadi leo. Katika ukumbi kama huo lazima pawe na ratiba, ratiba humzaa mwenyekiti, mwenyekiti naye humwinua kila mtu kwa zamu ajitambulishe, na mtu akiinuliwa mbele ya wenzake hutaja cheo chake, idadi ya watoto wake na digrii aliyoipata kwa masomo ya likizo, kisha huketi akapigiwa makofi. Habari za namna hiyo tulikuwa nazo tayari kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kutangaza matanga, kuchangisha pesa za hospitali na kuonyesha picha za mahafali. Hatukuhitaji kulipa nauli ya kutoka Busia au Nakuru ili tuzisikie tena.

Huduma ya Dunga huanzia kwenye samaki wenyewe. Hakuna orodha ya vyakula ya kupitisha mezani. Mhudumu huwaongoza hadi kwenye beseni kubwa lililofunikwa kwa gunia bichi, humwinua samaki mmoja mmoja kwa kidole alichokipitisha shavuni, na mteja anayejua kazi humwambia afunue matamvua ili aone kama bado ni mekundu. Hapo pana swali ambalo nashauri liulizwe bila haya: samaki huyu ni wa ziwani au wa vizimbani? Ufugaji wa tilapia katika vizimba umeenea sana ndani ya ziwa miaka ya karibuni, na masoko ya Kisumu huuza pia samaki wa barafu waliotoka China, kwa hiyo kuyaona maji mbele yako si hakikisho kwamba mlo wako umetoka humo. Mhudumu wetu alijibu waziwazi kwamba wale wakubwa ni wa vizimbani na wadogo ndio waliovuliwa usiku, na ukweli huo nauhesabia hoteli sifa. Bei hupatanwa hapo hapo kwa kuangalia ukubwa. Tulichukua wa shilingi 700, na mwenzetu aliyekuwa mweka hazina wa bweni chuoni akapunguziwa mia moja kwa kila samaki, kwa ukaidi ule ule aliokuwa akitudai nao pesa za sabuni.

Kisha mnangoja. Samaki huparwa magamba, huchanjwa mbavuni, hutiwa chumvi na kutumbukizwa katika karai la mafuta lililo juu ya kuni, na kwa wale wanaotaka wa mchuzi hurudishwa tena motoni na vitunguu na nyanya. Kwa kikundi kama chetu kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Najua wateja wengi hulalamikia jambo hili, na aliye na haraka ana haki ya kulalamika. Kwa shughuli yetu, hata hivyo, saa hiyo moja na nusu ndiyo iliyokuwa huduma bora kuliko zote tulizopewa, ingawa hoteli haikuiandika kwenye bili.

Dakika za mwanzo zilikwenda kwa vyeo, mashamba na watoto waliojiunga na vyuo vikuu, kama ilivyotarajiwa. Soda ya kwanza ikaisha. Kwa kuwa hapakuwa na chakula cha kushughulisha mikono wala mwenyekiti wa kufunga kikao, watu waliokwisha kumaliza habari zao njema walijikuta hawana budi kuendelea na zile nyingine. Ikumbukwe kwamba sisi tulifuzu wakati ambapo serikali ilikuwa imekwisha kukomesha, tangu 1998, desturi ya kumwajiri moja kwa moja kila mwalimu aliyemaliza chuo. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, wanafunzi wapya zaidi ya milioni moja walimiminika madarasani, lakini nafasi za kazi hazikumiminika nao. Mtu alikaa kijijini na cheti chake akisubiri tangazo. Miaka hiyo ya kusubiri hakuna aliyewahi kuieleza kwenye kundi. Siku hiyo ilielezwa. Mmoja alifundisha muda mrefu kwa malipo ya wazazi, na kuna muhula alilipwa kwa mahindi. Mwingine, ambaye sote tuliamini aliajiriwa mapema kwa sababu kila tulipokutana naye mjini alikuwa na tai shingoni, alikiri kwamba tai hiyo ilikuwa ya kuuzia bima.

Yalifuata mengine. Mwenzetu aliyepata kazi karibu na Molo alitusimulia jinsi alivyoondoka huko Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, akiwa na watoto wawili na rejista ya darasa aliyosahau kuiweka chini, na kwamba rejista hiyo bado anayo. Mwalimu mkuu mmoja, mama wa watoto watatu, alihamishwa wakati wa uhamisho mkubwa ulioanza 2018, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipoamua walimu wakuu wasiongoze shule za nyumbani kwao, akapelekwa Pwani, na aliporudishwa alikuta kitinda mimba wake anamwita nyanya yake mama. Alilisema hilo huku anacheka, na sisi tukacheka naye kwa sababu ndivyo alivyotaka tufanye. Aliyetushangaza zaidi ni bwana aliyekuwa akifundisha katika shule ya binafsi iliyofungwa Machi 2020 pamoja na shule zote nchini. Nyingine zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, yake haikufunguka. Leo anauza mitumba katika soko la Kibuye, na alitufafanulia hesabu ya robota, ya daraja la kwanza na la pili, na ya siku za Jumapili soko linapofurika, kwa ufasaha ambao hakuwahi kuuonyesha katika somo la Hisabati. Alisema mwezi mzuri humlipa kuliko mshahara wa yeyote kati yetu. Hakuna aliyembishia, na nadhani wawili watatu walikuwa wanapiga hesabu kimoyomoyo.

Chakula kilipofika, kilifika kwa namna ninayoipendekeza kwa mikutano ya aina hii: sinia moja kwa watu wanne, samaki wamelazwa juu ya mchuzi, ugali umekatwa vipande vinene pembeni, na bakuli za mboga zikizunguka. Mhudumu hupita na jagi na beseni, akammwagia kila mtu maji ya vuguvugu mikononi, na kuanzia hapo hakuna sahani ya mtu binafsi. Muuza mitumba na mwalimu mkuu walikuwa wanachambua samaki mmoja kutoka pande mbili, wakikutana kwenye uti wa mgongo. Kichwa, kama kawaida ya watu wa ziwa, kilizua mabishano. Wenzetu waliotoka Nyeri na Machakos walikiacha kwa hiari, wasijue walichokiacha. Ukaangaji ulikuwa wa kiwango: ngozi imekauka hadi inavunjika, nyama ya ndani bado ina maji yake, na mchuzi haukufichwa kwa viungo vingi. Osuga, yaani mnavu, ilipikwa kwa maziwa hadi uchungu wake ukapungua bila kwisha. Apoth, ule mrenda unaovutika, ulikuwa na magadi kupita kiasi. Ugali ulikuwa mgumu unavyopaswa kuwa, ingawa tulioomba wa wimbi tuliambiwa huagizwa mapema.

Sasa nije kwenye kasoro, na iliyo kubwa kuliko zote ni muziki. Kila hoteli ya ufuo ule ina spika zake, kila moja hushindana na jirani, na kuanzia saa nane mchana nyimbo tatu tofauti hukutana juu ya meza yako kama matatu tatu zinazogombea abiria mmoja. Mwenzetu aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, ambaye wachache wetu tu walikuwa na habari, alilazimika kulirudia jambo hilo mara mbili, mara ya pili kwa kupaza sauti, kwa sababu waliokaa upande wa pili wa meza hawakusikia. Sikumbuki kuona mtu akidhulumiwa hivyo na spika. Tulimwomba mhudumu apunguze sauti. Alipunguza kwa upole, kisha mtu mwingine tusiyemjua akaipandisha tena. Hoteli inayotangaza kwamba hupokea vikundi na sherehe ingepaswa kuwa na meza kadhaa zilizo mbali na kelele hizo, na nafasi ya kuziweka ipo, chini ya miti iliyo upande wa barabara, ambako kwa sasa huegeshwa pikipiki.

Kasoro nyingine ni ndogo. Wapiga picha wanaokuuzia picha papo hapo, na vijana wa mashua wanaokualika ukatazame viboko, huja bila kukoma. Wana haki ya kutafuta riziki, lakini hukata maneno ya mtu katikati. Gugumaji lilikuwa limesogea hadi ufuoni siku hiyo, hivyo waliotaka kupanda mashua walikatishwa tamaa na harufu kabla ya kukatishwa na bei. Vyoo ni safi asubuhi tu.

Kuhusu malipo, hoteli ina utaratibu mzuri kuliko nilivyotarajia. Kila sinia huandikiwa bili yake, na nambari ya kulipia kwa M-Pesa imebandikwa kwenye nguzo, kwa hiyo mnaweza kuchangiana wanne wanne bila mtu mmoja kusimama na kutangaza kwamba atalipia wote. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika mikutano ya waliosoma pamoja, bili moja kubwa huwapa wenye uwezo nafasi ya kujionyesha na kuwafanya wasio nacho wasije mwaka unaofuata. Nimeliona hilo likitokea kwa madarasa mengine. Bili zenyewe huandikwa kwa mkono na zinafaa kukaguliwa, kwani yetu ilikuwa na soda mbili ambazo hazikunywewa na mtu. Mweka hazina wetu aliziona kabla hata hajavaa miwani.

Kwa kuwa sote ni watu wa kusahihisha, na kwa kuwa mtaala wa umilisi umetunyang'anya asilimia tulizozizoea, nitaipima hoteli hii kwa ngazi tunazotumia darasani. Kwa upishi, imezidisha matarajio. Kwa uaminifu wa wahudumu na mpango wa malipo, imefikia matarajio. Kwa utulivu wa mahali, iko mbali na matarajio, na sioni dalili ya kuboresha.

Kwa wanaopanga kwenda: epukeni Jumamosi na Jumapili, mkiweza mwende siku ya kazi wakati wa likizo za shule, na mfike saa tano asubuhi ili mwe na muda wa kutosha kabla ya spika kuamka. Kutoka stendi kuu tuktuk zitawafikisha, na mpatane nauli kabla ya kupanda. Wa Busia na wa Nakuru waanze kuondoka saa kumi jioni, la sivyo watalala Kisumu. Ugali wa wimbi uagizeni siku moja mapema kwa simu. Samaki pia wanaweza kuagizwa hivyo, wakawa tayari mezani mnapoingia, na baadhi ya wenzangu wameshapendekeza tufanye hivyo tutakaporudi Agosti. Kwa kikundi cha ofisi kilichobanwa na saa ya chakula cha mchana ningeunga mkono. Kwa darasa letu nimeshasema kwenye kundi kwamba sikubali: tufike na njaa, tuchague wenyewe kwenye beseni, na tungoje.