Banda la Mjomba pale Magomeni: nenda siku timu yako ina kocha mbovu ndo utalielewa

Watu wengi wakisifia banda la mpira wanalisifia kwa siku ya dabi, Simba na Yanga, siku ambayo hata ukiweka tivii ya chogo juu ya ndoo watu watajaa na watafurahi. Mimi banda nalipima siku ya kipigo, tena kipigo cha msimu mzima, pale timu inapokuwa na kocha anayekosea kitu kilekile kila wiki na hakuna wa kumgusa. Kwa kipimo hicho hapa Mtwara mjini sijaona la kulifikia banda la Mjomba pale Magomeni, na nimekaa mengi, ya Chikongola, ya Majengo, hadi moja la kule Mikindani ambalo upepo wa bahari unaupata bure ila picha inaganda kila ikipigwa kona.

Jina halina, hakuna hata kibao nje, watu wanasema tu kwa Mjomba na bodaboda wa maeneo yale wanapajua. Ni mabati, chini saruji, mabenchi ya mbao, projekta moja ya ukutani na tivii mbili pembeni kwa wale wa mechi nyingine. Kiingilio mia tano mechi za kawaida, buku zile kubwa, na fainali nayo buku hiyohiyo wakati wenzake Simba ikitinga robo fainali ya Afrika tu bei inaruka. Picha safi kabisa. Ila sauti ndo sehemu aliyowekeza bana, kafunga spika mbili kubwa mpaka unamsikia kocha akifoka pembeni ya uwanja, jambo ambalo kwa sisi watu wa Man United lilikuwa mateso ya ziada.

Maana mimi ni Man United, nasema mapema mjue naongelea wapi. Kwa wale waliokuwa wamesusa mpira: kocha Ruben Amorim alitoka Sporting ya Ureno akaja Novemba 2024 na mfumo wake wa mabeki watatu, msimu ukaisha tuko nafasi ya 15 na pointi 42, fainali ya Europa kule Bilbao tukafungwa moja bila na Tottenham, Tottenham ambao wenyewe kwenye ligi walimaliza wa 17. Msimu mwingine ukaanza, mabeki watatu walewale. Waandishi wakamuuliza Septemba 2025, akajibu kwamba hata Papa hawezi kumbadilisha. Aisee siku hiyo bandani iliendeshwa kesi nzima, kuna jamaa wawili wametokea Ndanda kule misheni ya Wakatoliki, wakasema sasa Baba Mtakatifu kaingiaje kwenye ujinga wa kutopanga mabeki wanne.

Sasa usiku wenyewe wa kulipima banda ni ule wa Grimsby, Agosti 27, 2025, Kombe la Carabao. Grimsby Town walikuwa daraja la nne Uingereza, mji wa bandari na wavuvi. Mechi imeanza saa nne usiku kwa saa zetu, nusu saa haijaisha vizuri tuko nyuma mbili bila, halafu kamera ikamfuata kocha kwenye benchi, kajikunja kashika kale kaubao kake anasogeza visumaku huku na huku. Kuna mzee anakaaga benchi la mbele, mkulima wa korosho, haongeagi kabisa, akatoa kauli moja tu: "Huyu anacheza bao peke yake." Banda zima lilivunjika mbavu na bado tulikuwa tunafungwa. Tukarudisha zote mbili kipindi cha pili, la kusawazisha kafunga Maguire dakika za jioni kabisa, watu wakakumbatiana na wasiojuana, tukaenda penalti, zikapigwa mpaka makipa wakapiga, tukatolewa 12 kwa 11, Mbeumo kagonga mwamba. Na wakati penalti zinapigwa kocha mwenyewe alikuwa kajificha kule ndani ya benchi haangalii.

Hapo ndo huduma inapoanzia. Mabanda mengine filimbi ya mwisho ikilia tu taa zinawashwa, jenereta linazimwa, mnasukumwa nje na hasira zenu mkagombane barabarani. Mjomba anashusha sauti ya projekta, anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango na anawaachia watu ukumbi wateme nyongo. Kuna utaratibu na kila mteja wa siku nyingi anaujua: anayetaka kusema anasimama, anasema, anakaa. Mama wa mtu hatajwi. Shati la mtu halishikwi. Arsenal, ambao ndo wengi pale siku hizi sijui wametoka wapi wote hawa, wanakaa upande wa kulia na hawaruhusiwi kufungua mdomo mpaka wafiwa wamalize. Ukivunja unatoka, na siku ukirudi kiingilio ni mara mbili. Nilimwona akimtoa mpwa wake mwenyewe kwa sababu alizomea zamu ya mtu, hapo nikajua huyu mzee hatanii.

Halafu kuna ubao wa chaki pale mlangoni. Juu anaandika mechi za siku na saa, chini anaacha nafasi na kipande cha chaki kwa ajili ya wateja, yeyote akaandike kikosi anachoona kinafaa. Asubuhi baada ya Grimsby kulikuwa hakuna kikosi, kulikuwa na tangazo: NAFASI YA KAZI. KOCHA. SIFA: AJUE KUHESABU MPAKA NNE. Mjomba hakulifuta, likakaa hadi mvua ilipolifikia, na watu waliokuwa wanapita tu kwenda sokoni walikuwa wanasimama kulipiga picha.

Usiku ule pia kijana mmoja alidai arudishiwe hela yake kwa sababu alichoangalia sio mpira. Mjomba akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, picha ilikatika?" Haikukatika. "Sauti ilikatika?" Haikukatika, shikamoo Mjomba. "Marahaba. Basi mimi nauza picha, mengine kamdai mwenye timu." Ila umeme ukikata na jenereta likagoma kabla ya mapumziko anakupa kikadi chenye mhuri, mechi ijayo unaingia nacho bure, na kweli wanakipokea, sio wale wa karatasi halafu ukija unaambiwa aliyekupa kasafiri.

Sasa niwape hii ya Oktoba maana hadi leo inaongelewa pale. Kuna dogo anasoma chuo hapa mjini, akaja na klipu kwenye simu, watu wamejaa uwanja unaochukua zaidi ya laki moja wanapiga kelele za kumtaka kocha wao afukuzwe. Tukajua ni Ulaya. Kumbe Marekani, tena mpira wao ule wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi, na timu yenyewe ni ya chuo, Penn State, yaani wanaocheza ni wanafunzi. Kocha ni James Franklin, yuko pale tangu 2014. Msimu wa 2025 walianza wanapewa namba mbili nchi nzima, wakafungwa na Oregon kwao kwenye muda wa nyongeza, wakaenda kwa UCLA ambao walikuwa hawajashinda mechi hata moja nao wakawafunga, halafu Northwestern akaja kuwafunga nyumbani 22 kwa 21. Kesho yake, Oktoba 12, kafukuzwa. Lawama kubwa ya mashabiki ilikuwa kwamba timu ndogo anazichapa vizuri tu, ila zikija zile kumi bora anapotea, kwenye mechi 25 za namna hiyo alishinda 4. Dogo aliposema hivyo banda lilitulia kidogo, kila mtu akawa anamfikiria kocha wake.

Mjomba akauliza sasa kama miaka yote hiyo mnamwona hafai kwa nini msimtoe mapema. Dogo akasema mkataba. 2021 vyuo vingine vilikuwa vinatajwa kumnyemelea, wao kwa woga wakampa miaka 10, na mkataba wa kule ukimfukuza mtu kabla haujaisha unamlipa salio lake. Salio lilikuwa karibu dola milioni 50. Tukapiga hesabu hapohapo kwenye simu, zaidi ya shilingi bilioni 100, kumlipa mtu akae nyumbani kwake! Na dogo anasema huyo wala hajavunja rekodi, chuo kingine cha Texas A&M walivyomtoa kocha wao Jimbo Fisher Novemba 2023 walibaki na deni la zaidi ya dola milioni 75. Hela zinatoka kwenye haki za tivii na kwa matajiri waliosoma hapo wanaochangia timu yao, wengine ndo haohao wanaopiga kelele atolewe, kwa hiyo mtu analipia kocha aje halafu analipia kocha aondoke. Yule mzee wa korosho akasema, "Bilioni mia kwa kufungwa? Nipeni mimi hao wanafunzi, nawafungisha kwa milioni mbili na chai." Wakati kwenye chuo cha dogo kocha ni mwalimu wa michezo ambaye maji ya kunywa ya timu ananunua kwa hela yake, na bado wanamlalamikia anampanga mtoto wa shangazi yake namba tisa.

Mimi nilichokiona usiku ule ni kwamba shabiki wa timu ya kwenu ana pa kupeleka hasira. Ndanda FC, timu yetu ya hapa Mtwara, ilipokuwa Ligi Kuu, kabla haijashuka 2020, ukienda uwanja wa Nangwanda Sijaona ukapaza sauti kocha anakusikia, anageuka, anakuangalia, siku nyingine anakujibu kabisa. Wale wa Penn State nao walikuwa wanapiga kelele mtu yuko mita chache. Wa Manchester wewe uko Magomeni unamfokea ukuta. Kwa hiyo unahitaji mahali ambapo angalau binadamu wenzako watakusikiliza hadi mwisho, na huo muda wa Mjomba baada ya mechi kwangu una thamani kuliko projekta yake. Januari 2026 Amorim alipotimuliwa banda lilijaa bila mechi yoyote, watu wamekuja kuongea tu, na Mjomba hakuchukua kiingilio.

Haya, ubaya wake. Choo hakuna, kuna uchochoro, na dada zetu wanaokuja inabidi waende nyumba ya jirani kuomba, hii Mjomba aitazame kwa sababu hela anaingiza. Moshi wa sigara upo licha ya tangazo, feni ni mbili na moja inazunguka ikijisikia. Kero kubwa kuliko zote ni kwamba yeye mechi nyingine anavuta kwa intaneti, wakati banda la ng'ambo ya barabara wana dishi, kwa hiyo wao wanaona kabla yetu. Unakuta sisi timu ndo inapanda kushambulia, ng'ambo washasonya. Siku za kocha mbovu inakuwa ahueni kidogo maana unajiandaa kabisa, ila siku ukishinda goli lote linakuwa limeshaharibiwa. Na wale vijana wa mikeka ya kubeti wanaokaa nyuma, timu moja ikichana mkeka wao wanataka mechi ibadilishwe, Mjomba huwa anawachekea sana hao, sijui kwa nini.

Nje kuna mama anauza ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, zikiwa za msimu, mihogo ya kukaanga na pweza wa mia mbili mbili. Chukua ming'oko. Unamenya unatafuna taratibu na chumvi na pilipili, mikono na mdomo vyote viko bize, huna nafasi ya kujibizana na Arsenal. Pweza anawahi kuisha kabla ya mapumziko.

Nampa nyota nne, ya tano anaijua mwenyewe iko wapi, uchochoroni. Msimu wa korosho minada ikishaanza kulipa, Oktoba Novemba hivi, wahi saa nzima kabla maana watu wanatoka hadi vijijini na mabenchi yanajaa mapema, watoto wa shule wanafukuzwa saa mbili hata wakija na baba zao. Kaa benchi la tatu upande wa feni nzima. Na nenda na mia tano yako kamili mkononi, chenji pale haijawahi kuwepo.