Chokaa ya kilimo kwenye bwawa la samaki: nunua, lakini jua unainunulia nini

Wafugaji wenzangu, karibuni. Leo nina mfuko wa chokaa ya kilimo, hii inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Wengi mmeniuliza kama inafaa kwa bwawa la nyumbani. Inafaa sana, ila si kwa kila bwawa.

Kwanza hakikisheni mmepewa yenyewe. Tazameni makopo haya mawili. Hili lina chokaa ya kilimo. Namimina maji… inalowa tu, kopo halijapata hata joto. Hili la pili ni chokaa moto, imetoka tanuruni haijazimwa. Nimevaa glavu na miwani, watoto wakae mbali. Namimina… mnasikia inavyochemka? Oneni mvuke huo! Hii ikiingia bwawani pH, yaani kipimo kinachoonyesha kama maji yana tindikali au la, inapanda ghafla na samaki wanakufa. Hata ile ya kupaka ukuta, ambayo haichemki tena, bado ni kali. Bwawa likiwa na samaki, msiiguse kabisa.

Sasa kazi yake. Kama bwawa lenu ni la udongo, na mko sehemu za mvua nyingi zenye udongo wenye tindikali, kama Kagera au Njombe, mtaipenda, maana inapunguza tindikali hiyo. Kausheni bwawa, mwageni kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, hadi kwenye kingo, kisha jazeni maji. Mbolea ingojee wiki moja au mbili. Maji yataanza kushika rangi ya kijani ya mimea midogo sana, na hicho ndicho chakula cha sato.

Bwawa jipya la saruji? Hifadhini hela zenu. Saruji yenyewe inapandisha pH. Jazeni maji, myamwage, mrudie, mkipima hadi ishuke.

Na jambo linaloniuma: mtu anaona samaki wanahema juu alfajiri, anakimbilia chokaa. Hapo wamekosa hewa! Mimea ile ya kijani usiku nayo inavuta oksijeni. Acheni kulisha, ingizeni maji mapya yakirushwa kutoka juu. Ya bomba yenye klorini yakae wazi kwanza siku moja au mbili. Kama chini kumejaa mabaki ya chakula, kuna amonia, sumu inayotokana na uozo huo, na pH ikipanda amonia inazidi ukali. Ukiongeza chokaa hapo unawamalizia samaki wako mwenyewe.

Basi, kabla ya kununua, pimeni alkalinity ya maji, yaani kiasi cha kaboneti kilichoyeyuka ndani yake. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, nendeni dukani. Ikiwa juu ya hapo, uacheni mfuko rafuni.