BSA ipi ununue kwa maabara ya Unguja au Pemba

Albumini ya seramu ya ng'ombe, BSA kwa ufupi, inatumika kila siku: tunazibia pleti za ELISA (kipimo cha kutafuta protini au kingamwili kwenye sampuli) ili vitu visivyotakiwa visinate, tunalinganishia vipimo vya Bradford vya kiasi cha protini, tunalinda vimeng'enya. Wengi wakiagiza hutazama asilimia ya usafi tu. Lakini chupa mbili za 98% zinaweza kupishana sana, maana shida iko kwenye ile 2% iliyobaki: huenda ni proteasi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, huenda ni kingamwili za ng'ombe. Halafu sisi wa visiwani tuna njia ya kufikiria. Mzigo ukishuka Dar es Salaam bado unavuka bahari, na wa maabara ya Ivo de Carneri kule Wawi, Pemba, unakwenda mbali zaidi. Barafu kavu inageuka hewa muda wote huo.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni unga uliosafishwa kwa joto, wenye maandishi kwamba hauna proteasi. Plazma hupashwa moto pamoja na kaprileti, chumvi ya asidi ya mafuta inayoikinga albumini, protini nyingine zikaharibika na kuondolewa. Unga huu unasafiri bila barafu, na kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 unakaa miaka. Chukua gramu 50 au 100. Kilo ni nafuu kwa hesabu ya gramu, lakini kila ukiifungua unaingiza unyevu, na unyevu wetu wa masika mnaujua. Chupa ikitoka kwenye friji iache mezani imefungwa mpaka ipoteze ubaridi wote. Ukiifungua baridi, maji yanashika kwa ndani, unga unafanya mabonge na kunata kwenye kijiko; hapo gramu unayopima si gramu ya protini tena. Kuyeyusha, nyunyiza juu ya bafa (myeyusho unaoshikilia pH) uiache izame yenyewe, usitikise ikatoa povu. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22. Usiitie kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, itaganda kama yai.

Namba mbili ni ampuli, vichupa vya BSA iliyoyeyushwa na kupimwa tayari, za miligramu 2 kwa mililita, kwa kulinganishia tu. Ni ghali, ila mizani yako haihusiki. Zikikosekana, tengeneza mwenyewe kisha hakiki kwenye spektrofotomita, kwa mwanga wa nanomita 280: miligramu 1 kwa mililita ifyonze mwanga kwa karibu 0.67 kwenye kuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1.

Tatu, isiyo na kingamwili. Inunue kama kingamwili yako ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili ionekane, inalenga ya mbuzi au kondoo, kwani huweza kuishika na ya ng'ombe. Isiyo na mafuta waachie wanaotafiti lipidi au wenye seli zinazoidai.

Ile ya bei ya chini, iliyotenganishwa kwa ethanoli kwa njia ya Cohn ya miaka ya 1940, inawatosha wanafunzi wa mazoezi.

Ya mwisho ni ile iliyokwisha yeyushwa. Unalipia nauli ya maji, inataka ubaridi njia nzima, na mara nyingi ina azidi ya sodiamu, dawa ya kuzuia kuoza, inayozuia peroksidasi, kimeng'enya kinachotoa rangi kwenye ELISA. Maziwa ya unga ya dukani yanaziba vizuri kwa bei ndogo, lakini yana biotini, vitamini inayoshikwa na streptavidini, kwa hiyo hayafai penye kipimo kinachotumia streptavidini.

Kabla ya kulipa, mwambie wakala akupe cheti cha uchambuzi cha bechi hiyohiyo, na hati ya nchi walikotoka ng'ombe kwa ajili ya kichaa cha ng'ombe. Omba na sampuli uijaribu kwenye pleti zako. Ikikubali, agiza bechi hiyo ya kutosha mradi mzima.