Rangi ya ukuta wa ndani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Dukani watakuuliza unataka rangi ya bei gani. Wewe anza na ukuta wenyewe: ni wa sebule au wa chumba? Umenyooka? Unatoa chumvi?

Nafasi ya kwanza naipa silki ya maji. Haina harufu kali, inang'aa kidogo, na viganja vya watoto vinafutika kwa kitambaa chenye sabuni. Kwa sebule, korido na jiko sioni inayoishinda. Ila mng'ao huo huo unaumbua ukuta: kila tundu la msumari na kila alama ya mwiko inajitokeza taa ikiwashwa. Niliwahi kuipaka juu ya plasta isiyopigwa skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, nikijifanya nabana matumizi, nikaishia kupokea wageni mchana tu. Kwa hiyo bajeti ya silki iwe na puti ya kuziba matundu na msasa ndani yake.

Ya pili ni rangi ya maji ya kawaida, isiyong'aa. Inasitiri ukuta wenye mawimbi, inafaa dari na vyumba vya kulala, na kwa mpangaji inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba ukisugua doa, rangi nayo inakuja na kitambaa. Jihadhari na ndoo ya bei ya kutupa. Rangi nzuri hufunika kama mita za mraba 10 kwa lita, kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, kina ukuta wa mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Mikono miwili ni lita 6 na kidogo, yaani makopo mawili ya lita 4. Ile nyepesi itadai mikono minne, na fundi naye anataka kulipwa.

Chokaa ni ya tatu, japo kwenye nyumba za mawe za Unguja na Lamu ningeipandisha iwe ya kwanza. Kuta zile zinapumua. Ukizifunika kwa rangi inayoziba, unyevu unatafuta njia na rangi inabanduka mabamba mabamba. Kasoro ya chokaa ni kwamba inachafua nguo ukiiegemea, basi.

Rangi ya mafuta naiweka mwisho kwa ukuta, ingawa wengi wanaipenda kwa nusu ya chini. Inaoshika, kweli, lakini nyeupe yake hugeuka njano, harufu inakaa siku kadhaa, na kwenye unyevu inavimba. Iache kwa milango na nondo za madirisha. Hata huko, tafuta kopo lililoandikwa kuwa halina madini ya risasi; UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Plasta mpya iache wiki nne ikauke kabla ya rangi yoyote. Kama rangi yako inachanganywa kwa mashine, nunua yote siku moja, kwa sababu kopo la kuongezea mwezi ujao linaweza lisifanane. Na ndoo ifunguliwe mbele yako: kiasi cha maji ya kuongeza kimeandikwa ubavuni mwake, na fundi mwenye haraka hupenda kukisahau.