Kruzi inayosoma vilima: msimu mmoja wa korosho kati ya Mtwara na Masasi

Nilinunua kichwa hiki cha lori, cha mtumba kutoka Ulaya, kabla ya msimu wa korosho uliopita, na kilichonifanya nipite bei niliyokuwa nimepanga ni kitufe kimoja kwenye usukani: kruzi inayosoma barabara kabla gari halijafika. Kruzi ya kawaida, yaani mfumo unaoshika mwendo bila dereva kukanyaga mafuta, hung'ang'ania mwendo uleule hata kilimani, na dizeli huilipia. Hii hujua kwa setilaiti gari lilipo, hutazama ramani ya miinuko iliyomo kwenye kompyuta ya gari, kisha huamua mapema: huongeza mwendo kidogo kabla ya kupanda, hupunguza mafuta kilele kinapokaribia, na kwenye mteremko huliacha gari lisukumwe na uzito wake.

Mahali pazuri pa kuiona ikifanya kazi ni kati ya Mtama na Ndanda, ambako barabara hupanda na kushuka mara kwa mara. Siku moja nilikaa kiti cha utingo tukipeleka saruji Masasi. Mshale ulikuwa kwenye 75. Tulipokaribia kilele ukaanza kushuka, 72, 70, 68, na dereva wangu, ambaye kwa miaka mingi amezoea kumaliza kilima kwa kukanyaga, akakanyaga. “Bosi, gari linakata pumzi,” akasema. Halikuwa linakata pumzi. Lilikuwa linaujua mteremko wa upande wa pili ambao sisi hatujauona bado, na mguu wake ndio uliovuruga hesabu yote. Zilipita wiki kadhaa kabla hajauamini mfumo, wala simlaumu, maana siku ile hata mguu wangu ulikuwa unatafuta pedali ambayo haikuwepo upande wangu.

Kuanzia Mikindani hadi Mingoyo kitufe hicho ni pambo. Vijiji vimefuatana, mwendo ni 50, na matuta hayamo kwenye ramani ya miinuko, kwa hiyo dereva huizima kruzi na kuendesha kama zamani. Kwa anayetoa korosho ghalani na kuzileta bandarini kwa safari fupi fupi, nisingeshauri aongeze hata shilingi moja kwa ajili yake.

Lawama yangu kubwa ni kwa muuzaji, ambaye sitamtaja. Alinihakikishia kwamba gari huchota ramani mpya lenyewe kupitia mtandao wa simu, mahali popote nchini. Nilipofika nyumbani, alama ya kilima haikuwaka kwenye dashibodi hata mara moja. Fundi wa umeme wa magari ndiye aliyegundua kwamba ramani ya huku haikuwemo, na kwamba bahati yangu ni gari kuwa na uwezo wa kujifunza: hurekodi miinuko linapopita mara ya kwanza, kisha huitumia linaporudi. Ndiyo maana safari ya kwanza katika barabara yoyote ngeni haiokoi kitu.

Je, fedha inarudi? Scania na Mercedes-Benz, zilipoanza kuuza mifumo ya aina hii mwanzoni mwa miaka ya 2010, zilitaja akiba ya hadi asilimia 3, nami naona ni busara kuhesabu kwa kiwango hicho bila kukipita. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi; semi iliyopakia ikitumia lita 40 kwa kila kilomita 100, akiba haifiki lita 7 kwa safari. Kwa safari sita za kwenda na kurudi ndani ya mwezi ni kama lita 80, ambazo naziona waziwazi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei ya Mtwara. Kwenye vilima vya kwenda Tunduru na Songea natarajia faida zaidi kuliko ukanda wa pwani uliotambarare.

Kichwa cha pili nitakijaribu kwanza barabarani, kwenye kilima, muuzaji akiwa kiti cha utingo na alama ile ikiwa imewaka mbele yetu sote wawili.