Mandau zangu mbili za Samarinda: moja nilipigwa, moja naisifu

Mimi ni fundi wa injini melini, si mkusanyaji wa silaha. Meli yetu hupakia makaa ya mawe nje ya mdomo wa mto Mahakam, Kalimantan Mashariki, Indonesia, na tukibahatika kupata ruhusa ya kushuka tunakwenda Samarinda. Huko ndiko nilikonunua mandau ya kwanza, ule upanga wa Wadayak, wenyeji wa asili wa huko, kwa rupia 900,000. Chuma nimekishika miaka 19 na bado nilipigwa.

Muuzaji alisema ilikuwa ya babu yake, ya enzi za kukata vichwa. Akanihesabia nukta za shaba kwenye bapa: tisa, kila moja kichwa cha mtu. Mpini ulikuwa na manyoya mekundu na meusi, ala imejaa shanga na manyoya ya ndege hata mbao yake huioni. Nilibakiwa na saa mbili boti iondoke. Nikalipa.

Usiku nikaiweka kwenye benchi la karakana. Nililaza rula ya chuma kukingama bapa, upande huu na upande ule: tambarare kote, kama bati. Nikaibana ncha kwenye jiriwa na kuvuta kidogo. Ikapinda, ikabaki imepinda. Tupa iliuma makali yake kama inauma msumari wa kawaida. Nukta za shaba zilikuwa rangi, zikabanduka kwa ukucha. Mpini walioniambia ni pembe ulikuwa na mstari mwembamba katikati, pale kalibu mbili zinapokutana. Nilipougusa kwa sindano ya moto ulinuka plastiki. Na kile kisu kidogo cha ubavuni mwa ala? Hakichomoki. Ni kipini kilichogandishwa kwa gundi, hakina kisu ndani.

Ningeishia hapo kwa hasira, lakini safari iliyofuata tulikaa siku nne, nikaenda Pampang, kijiji cha Wakenyah, moja ya jamii za Wadayak, nje kidogo ya Samarinda, ambako Jumapili hucheza ngoma zao mbele ya wageni. Vitu vya ukumbusho viko tele na hawafichi kwamba ni vya ukumbusho. Mzee mmoja, nilimwita Pak kama wanavyoitana kwa heshima, alinionyesha mandau yake ya kufyekea, kijana wake akitutafsiria. Haikuwa na shanga hata moja. Mpini wa pembe ya ayala ulikuwa umelainika kwa jasho, michoro imefifia pale vidole vinaposhika tu, mahali pengine bado mikali. Hilo nililiweka akilini: matumizi hula kitu mahali pamoja, msasa wa dukani hula kote sawasawa. Ni kama vinyago vyetu vinavyopakwa dawa ya viatu vipite kwa mpingo. Weusi ukilingana mno, shtuka.

Nilimuuliza kuhusu vichwa na nukta. Alicheka. Kwake shaba ni pambo la mwenye uwezo. Akaongeza kwamba kukata vichwa kulikwishaapiwa kuachwa tangu mkutano wa amani wa Wadayak huko Tumbang Anoi, mwaka 1894, kwa hiyo huyo babu wa dukani angekuwa mzee sana.

Ya kwake haikuuzwa, ila walinielekeza kwa mhunzi. Huyu, kabla hata ya bei, aliniuliza natumia mkono gani.

Hapo ndipo nilipoelewa rula yangu ilikuwa inatafuta nini. Bapa la mandau halilingani pande zote mbili. Upande mmoja umebinuka, wa pili umebonyea kidogo, kiasi kwamba rula ukiilaza unaona mwanga chini yake. Upanga wa namna hiyo ukipiga hukata kwa mshazari na kuchomoka bila kung'ang'ania. Wa mtu wa kulia ukipewa mtu wa kushoto unapotea njia, kwa hiyo anayefua anahitaji kumjua atakayeshika. Mimi ni wa mashoto. Dukani hakuna aliyeuliza, na kwa bati lile hakukuwa na haja.

Yangu imefuliwa kwa springi ya lori, jambo ambalo wahunzi wa kwetu watalitambua. Zamani Wadayak waliyeyusha chuma chao wenyewe, ila sioni kwa nini springi iifanye kuwa bandia. Ni mpya, na ni mandau kamili. Watu wengi wanachanganya bandia na mpya, wanaishia kulipia kutu iliyopakwa jana. Mgongo ni mnene karibu na mpini kisha unakonda kuelekea nchani. Mkia wa chuma umeingia ndani ya mpini na kushikwa kwa ulimbo wa mti, bila msumari wala gundi ya dukani. Ala ni vipande viwili vya mbao vilivyofungwa kwa henzirani iliyosukwa, na ubavuni kuna kifuko chenye kisu kidogo chenye kipini kirefu, kinachokata kweli, nilikichongea penseli. Nililipa rupia 2,500,000 na kusubiri siku tatu.

Kasoro? Ipo moja. Henzirani moja ililegea baada ya wiki mbili za joto la injini. Na jihadhari unapochomoa: usiizungushie vidole ala nzima, maana makali yanaweza kupenya pale mbao zinapokutana. Shika upande wa mgongo. Kovu langu la kidole gumba ni la somo hilo.

Kwa anayetaka ya kale hasa, sheria ya Indonesia ya mwaka 2010 inaziweka mali za miaka 50 na zaidi katika zile zinazoweza kulindwa kama urithi, na urithi hautoki nchini bila kibali. Muuzaji akikuuzia "ya karne mbili" kwenye kaunta, akakufungia kwenye gazeti, ama ni uongo ama anakutafutia kesi. Manyoya ya hondohondo na meno ya dubu vilevile. Forodha hawana utani navyo.

Kama upanga, ile ya kwanza naipa nyota moja. Mhunzi nampa nne na nusu, nusu iliyopungua ni ya henzirani. Yake iko kabatini kwa nahodha mpaka tufike Tanga, maana silaha haikai chumbani kwa baharia. Ile ya 900,000 nilimpa mpishi wetu. Ameitundika mlangoni mwa jiko, nukta sita zimebaki, na mabaharia wapya wanazihesabu kwa kunong'ona.